Hatutii Chumvi

Saa tatu asubuhi nashuka ukingoni,
daftari ndani ya mfuko wa nailoni,
kalamu nimeining'iniza kwa uzi shingoni.
Ubao wa kipimo umesimama majini,
mweusi kwa mweupe;
kila Jumamosi nausugua kwa mchanga kama sufuria.
Leo Malagarasi uko sentimita sitini na mbili.
Naandika sitini na mbili.
Sisi watu wa Uvinza chumvi tunaiuza,
hatuitii kwenye namba.

Kazi hii aliianza baba, Gwasa Ntibazi.
Miaka ishirini na saba aliukosa mto siku moja tu,
na kwenye mstari wa siku hiyo, palipotakiwa kimo cha maji,
aliandika: mtoto wa kike.
Ndiye mimi.
Daftari zake zimeliwa pembeni na mchwa,
lakini Septemba zake bado zinasomeka:
mita moja na kumi na nane,
mita moja na tisa.
Ya kwangu inaniacha nimechutama
nikiitafuta miguuni mwa ubao.

Watu huniuliza, maji yameenda wapi,
kana kwamba nimeyafungia kabatini.
Nawajibu: iulizeni tumbaku iliyokaushwa kwa miyombo.
Uulizeni mkaa unaopanda treni usiku
bila tiketi.
Nilikuwa hodari wa kuwajibu hivyo.

Halafu akaja Bibi Adelina wa ofisi ya bonde
na futi kamba ya rangi ya chungwa.
Mita sitini, alisema, kutoka majini, pasilimwe.
Akatembea, nasi nyuma yake kama waliofuata harusi.
Kwenye mita ya thelathini na moja
kiatu chake kikakanyaga vitunguu.
"Vya nani hivi?"
Majirani wakanyamaza,
kimya kile cha watu wanaojua.
Nikautazama mto. Mto haukunitetea.
"Vyangu," nikasema.

Vitunguu vile vilimfikisha Butoyi kidato cha pili,
vilinunua bati kumi na nne na godoro.
Sitavitukana leo ili nionekane mwema.
Adelina alisema, vuna hivi, mama, usipande tena hapa.
Nilivuna. Nikalia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Siku hizi nalima ng'ambo ya kigingi.
Kila ndoo ina hatua arobaini za nyongeza,
na mgongo wangu haujawahi kukosea hesabu.
Pale palipokuwa na matuta yangu
matete yamerudi bila kuitwa,
na mvua ya kwanza ilipopiga
udongo ulibaki kwao.
Jirani yangu Sendwe bado analima mita ya ishirini.
Ananiita afisa.
Namsalimia, napita; sijui nimwambie nini
mtu mwenye watoto saba.

Treni yetu inashuka mashariki, kwenda kwenye bahari ya wote.
Mto wetu ni mkaidi, unaelekea kinyume:
unapita Ilagala, unaingia ziwani,
unakaa humo miaka ambayo hakuna daftari litakaloihesabu,
kisha unachungulia Lukuga, unaikuta Kongo,
unashuka hadi bahari ile nyingine
ambayo sijawahi kukutana na aliyeiona.
Huko pengine kuna mwanamke anapaa samaki,
anasuuza kisu kwenye maji
yaliyopita karibu na vitunguu vyangu.
Hanijui. Sina la kumtumia
ila maji yasiyo na tope langu.

Saa kumi na mbili jioni nashuka tena.
Ubao unasema sitini na tatu,
moyo unaruka,
kumbe ni mtoto wa Sendwe amechota ndoo pale juu
na mawimbi yake bado yanatembea.
Nachutama. Nangoja yatulie.
Giza linakuja, mbu wananijua kwa jina.
Sitini na mbili.
Naandika.